Malengo ya mazoezi: uongo tunaolishana na ukweli wenyewe

Dhana: lengo la mazoezi ni kilo.

Muulize mtu lengo lako ni nini, atakujibu "nataka nipungue kilo kumi", bas, hapo kamaliza. Tatizo ni kwamba kilo hazikusikilizi, unachoweza kukiamua leo ni kuvaa raba ukatoke, mizani itasema nini hiyo ni kesi nyingine. Tena uzito wa mtu unapanda na kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku chache tu kwa ajili ya maji, chumvi na chakula kilichopo tumboni, na kwa wanawake ongeza na mambo ya mzunguko wa mwezi, kwa hiyo anayepanda kwenye mizani kila asubuhi kutafuta matokeo ya mazoezi ya jana anajitesa bure. Afu kuna yule mafuta yanapungua huku misuli inaongezeka, suruali inamvuka lakini mizani imegoma palepale, anaacha wakati kila kitu kinaenda vizuri kabisa!

Sisemi mtupe mizani. Pima mara moja kwa wiki uangalie mwezi unaelekea wapi, ila lengo liandike kama kitu cha kufanya: "Jumatatu, Jumatano na Jumamosi nikitoka kazini natembea haraka dakika 30 kabla sijaingia ndani." Hapo kuna siku, kuna muda, kuna kinachofanyika, na usiku ukijiuliza nimefanya au sijafanya jibu ni moja, huwezi kujidanganya. Na kama bado unazitaka hizo kilo kumi, kasi inayoshauriwa sana ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, yaani wiki 10 hadi 20. Anayekuahidi wiki mbili ana kitu anataka kukuuzia.

Dhana: usipofika hatua 10,000 hujafanya kitu.

Hii inanikera kwa kweli, manake watu wanazunguka sebuleni saa tano usiku wakiitafuta namba hii. Haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ilileta kifaa cha kuhesabu hatua kikaitwa manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000, na hiyo 10,000 ikawa ndo jina la biashara, simu na saa za siku hizi zimerithi tu. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 Marekani, wakakuta waliokuwa wanatembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi halafu ikatulia. Sawa, hao ni wazee, kijana anaweza kuhitaji zaidi, lakini kama leo uko kwenye 3,000 basi lengo lako ni 4,000 na wala usilionee aibu.

Dhana ndugu yake: zoezi chini ya nusu saa halihesabiki. Linahesabika. Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za nguvu, na siku mbili za mazoezi ya misuli (hii ya misuli watu wanairuka sana), na kwenye mwongozo wa 2020 ile habari ya lazima uende dakika kumi mfululizo hawanayo tena. Gawanya unavyotaka.

Dhana: siku 21 tu na mazoea yameshajengeka.

Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kuwa wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Kuizoea sura! Mazoezi yanaingiaje hapo? Mtafiti Phillippa Lally na wenzake kule London walipowafuatilia watu wanaojijengea tabia mpya, wastani ulitoka siku 66, mwingine 18, mwingine makadirio yakafika 254. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 na bado unajikokota kutoka kitandani, huna kasoro yoyote. Na kitu kingine walichokiona, kuruka siku moja hakukuharibu mazoea. Ile ya "nimeshakosa Jumatano, nitaanza upya mwezi ujao" ndo inayoua malengo ya watu wengi kuliko uvivu, nguvu zako haziyeyuki kwa wiki moja.

Dhana: usipoumwa kesho yake hujafanya kazi. Maumivu ya misuli yanakuja ukifanya kitu kigeni au ukizidisha, mwili ukizoea yanapungua huku bado unapata faida. Jasho nalo ni mwili unajipoza, uzito uliopungua hapo ni maji, ukinywa unarudi. Na mazoezi ya tumbo peke yake hayaondoi kitambi, yanakaza misuli iliyo chini yake, mafuta yanatoka mwili mzima kwa mpangilio wake wenyewe.

Dhana: "nitajitahidi tu" inatosha. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wamelichimba hili miaka na miaka, lengo lililo wazi na lenye ugumu kidogo linaishinda "nitafanya niwezavyo", ila kwa sharti uwe na uwezo nalo na umelikubali mwenyewe. Ugumu unapimwa na hali yako, sio ya jirani. Mwenye presha, sukari au shida ya moyo aanze kwa kumuona daktari.

Ya mwisho, eti lengo ukishaliandika kulibadilisha ni kushindwa. Goti likianza kulalamika hamia kwenye baiskeli au kuogelea, dakika zibaki zilezile.