Amigdala Si Swichi ya Hofu: Dhana Ninazozisikia Kliniki na Ukweli Wake

Miezi mitatu iliyopita mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliketi mbele yangu, akatoa simu kwenye mkoba na kunionyesha mchoro wa ubongo wenye sehemu moja ndogo iliyopakwa rangi nyekundu. "Daktari, tatizo langu ni hili hapa," alisema. "Amigdala yangu imeharibika. Naomba uniandikie nikapigwe MRI, halafu unipe dawa ya kuizima." Tangu daladala aliyokuwa amepanda ilipopinduka, alikuwa hajakanyaga tena gari la abiria. Kila asubuhi alikodi bajaji kutoka Mbezi, na nauli hiyo ilikuwa imeanza kuula mtaji wa biashara yake. Alikuwa mtu wa nne mwezi ule kunieleza jambo hilo kwa maneno yanayokaribia kufanana.

Nafanya kazi ya saikolojia tiba kwa mwaka wa 15 sasa, na ninafurahi watu wanaposoma kuhusu ubongo wao. Kinachonikera ni kwamba wanachokisoma kinawafanya wasubiri fundi wa kurekebisha kiungo ambacho hakijaharibika, huku tiba yenyewe ikiwa karibu nao na wakiikwepa kila siku.

"Amigdala ni kituo cha hofu"

Hii ndiyo dhana mama yetu aliyonayo, na ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu imejengwa juu ya ukweli nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, watafiti Heinrich Klüver na Paul Bucy waliwaondoa nyani sehemu za ubongo zilizo nyuma ya panja, pande zote mbili, na nyani hao wakawa wapole kupita kiasi, wakikaribia vitu ambavyo awali waliviogopa. Mwaka 1956 Lawrence Weiskrantz alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na kuharibiwa kwa amigdala. Baadaye Joseph LeDoux na wenzake walifuatilia kwa panya njia ambayo mlio hupita hadi kwenye amigdala pale mnyama anapojifunza kwamba mlio huo hufuatwa na mshtuko wa umeme. Kuanzia hapo wasimulizi wakafupisha mambo, na kiungo kinachoshiriki katika kujifunza hatari kikapewa cheo cha kuwa nyumba ya hofu yenyewe. LeDoux mwenyewe aliukana ufupisho huo, na mwaka 2015 aliandika waziwazi kuwa amigdala si kituo cha hofu.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa mwanamke wa Marekani anayejulikana katika maandiko ya kitaalamu kwa herufi S.M. pekee. Ana ugonjwa adimu wa kurithi uitwao Urbach-Wiethe, unaotokana na hitilafu katika jeni ya ECM1, na ambao kwa baadhi ya wagonjwa huharibu amigdala zote mbili kwa kuzijaza madini ya kalsiamu. Mwaka 1994 ilibainika kuwa alishindwa kuitambua hofu kwenye nyuso za watu wengine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 alipelekwa kwenye duka la wanyama, akamshika nyoka mkononi kwa zaidi ya dakika 3, akimpapasa magamba na kuugusa ulimi wake. Wengi huishia hapo na kusema: mnaona, bila amigdala hakuna hofu.

Mwaka 2013 watafiti wale wale walimvutisha hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, yeye pamoja na pacha wawili wenye ugonjwa huo huo. Walitarajia kuwa hawatashtuka. Wote watatu walipatwa na mshtuko mkali wa hofu, na S.M. akawa anapunga mkono kuelekea kwenye kinyago cha hewa akitaka kiondolewe. Mtu asiye na amigdala aliogopa kiasi cha kuomba msaada. Hatari iliyotoka nje, ambayo macho huiona na masikio huisikia, haikumtisha, lakini hatari iliyotoka ndani ya mwili, ile ya kukosa pumzi, ilipata njia nyingine ya kuifikisha hofu kwenye fahamu zake. Kama amigdala ingekuwa nyumba ya hofu, jambo hilo lisingewezekana hata kidogo.

Kuna jambo jingine kuhusu S.M. ambalo ninalipenda sana. Mwaka 2005 ilionekana kwamba sababu mojawapo ya kushindwa kwake kuitambua hofu usoni ni kuwa hakuwa akiyatazama macho ya mtu. Alipoelekezwa ayatazame macho, aliitambua hofu kama watu wengine. Kwa hiyo kilichopungua kilihusu pia kule kuelekeza jicho mahali penye habari muhimu, jambo ambalo amigdala nzima hulifanya bila mtu kuambiwa.

Wala amigdala si kitu kimoja kama mchoro ule mwekundu unavyodanganya. Ni mkusanyiko wa viini, yaani vikundi vya seli za ubongo, zaidi ya 10 vyenye kazi na miunganisho tofauti, uliofungwa pamoja katika umbo la lozi, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la tunda hilo. Katika eneo la Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, kuna familia nyingi zenye ugonjwa wa Urbach-Wiethe kuliko mahali pengine popote. Baadhi yao wameharibika viini vya chini na vya pembeni tu, huku kiini cha kati kikibaki kizima, na walipopimwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa nyuso zenye hofu ziliwagusa zaidi kuliko zilivyowagusa watu wasio na ugonjwa huo. Sehemu fulani ya amigdala ikipotea, mtu anaweza kuwa mwepesi zaidi wa kushtuka. Nawaomba wanaouza mafunzo ya "kuizima amigdala" walitafakari hilo kwa utulivu.

Basi amigdala hufanya nini? Hupima kwa haraka kama jambo lina uzito kwako, hulifungamanisha na dalili zilizolitangulia, kisha hutuma taarifa kwenye haipothalamasi na shina la ubongo, sehemu zinazoongoza mwili, moyo uongeze mapigo, viganja vitoe jasho na misuli ikaze. Jaribio la mwaka 1995 linaonyesha vizuri. S.M. alionyeshwa picha za rangi, na rangi moja ilifuatwa na mlio mkali wa honi ya meli. Honi yenyewe ilimshtua, na baadaye aliweza kueleza bila kukosea ni rangi gani iliyoitangulia, lakini ngozi yake haikutoa dalili yoyote ya kujiandaa alipoiona rangi hiyo. Mgonjwa mwingine aliyeharibika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu za matukio, alikuwa kinyume chake: ngozi ilijiandaa, ila yeye hakuweza kueleza ni kwa sababu ya rangi gani. Kujua kwamba jambo ni la hatari na mwili kujiandaa dhidi ya hatari hiyo ni kazi mbili, na hisia tunayoiita hofu hukamilika pale zinapokutana na kumbukumbu, na maana tunayolipa tukio, na taarifa za mwili katika maeneo mengi ya ubongo.

Sasa nirudi kwa mama wa vitenge, kwani nimeyaeleza haya yote kwa ajili yake. Nilimwambia hapana kuhusu MRI. Kwa mtu aliyeanza kuogopa magari baada ya ajali na asiye na dalili nyingine, picha hiyo ingerudi safi, naye angekuwa amepoteza fedha na kupata shaka mpya. Amigdala yake imefanya kazi yake barabara: imejifunza kuwa sauti ya konda, harufu ya breki na mtikisiko wa basi vilitangulia ajali. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo hajaipa nafasi ya kujifunza jambo jingine. Hofu iliyofundishwa haifutwi kama maandishi ya chaki. Ubongo huandika fundisho jipya pembeni yake, na sehemu ya mbele ya ubongo husaidia fundisho hilo jipya lishinde la zamani. Fundisho hilo halipatikani mtu akiwa amekaa nyumbani. Lazima dalili zilezile zirudi, safari hii bila ajali, tena mara nyingi na katika mazingira tofauti, maana hofu iliyofifia kwenye kituo kimoja cha daladala huweza kuibuka tena kwenye kingine.

Tulianza kwa kusimama kituoni bila kupanda. Konda aliita "Kariakoo, Kariakoo!" na yeye akaushika mkono wa mdogo wake kwa nguvu hadi vidole vikapauka. Nilimwuliza hofu yake ni ngapi kati ya 10, akasema 9. Hatukuondoka. Baada ya dakika 25 alisema 5, na akaanza kulalamika kuwa jua ni kali, jambo lililonifurahisha kwa sababu mtu aliyemezwa na hofu halioni jua. Wiki ya tatu alipanda, akakaa kiti cha karibu na mlango na kushuka kituo kilichofuata. Sasa huenda sokoni kwa daladala siku 4 kwa wiki. Bado moyo humdunda dereva anapopiga breki ghafla, nami sikumwahidi vinginevyo.

Kuhusu dawa nitasema jambo moja kwa ukali. Kuna watu wanaonunua vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza, dukani bila cheti na kumeza kimoja kila wanapotaka kupanda gari. Vidonge hivyo huzoesha mwili vibaya, na huunyima ubongo fundisho lenyewe, kwa sababu mtu akifika salama humshukuru kidonge. Zipo dawa zinazofaa kwa wasiwasi na msongo utokanao na ajali, lakini huandikwa na daktari anayekufuatilia.

"Amigdala ni ya hisia mbaya tu"

Si kweli. Mwaka 2006 watafiti walirekodi seli moja moja za amigdala ya nyani: baadhi zilichangamka kwa picha iliyotabiri kinywaji, nyingine kwa picha iliyotabiri upepo wa ghafla usoni, na picha zilipobadilishana maana, seli nazo zilibadilika. Chakula unachokipenda na uso wa mtoto wako navyo hupita huko huko.

"Mwenye amigdala kubwa ni mwoga"

Hakuna daktari anayeweza kuutazama ukubwa wa amigdala yako kwenye picha akakuambia tabia yako. Utafiti wa mwaka 2011 uliihusisha amigdala kubwa na kuwa na marafiki wengi zaidi.

"Ni ubongo wa mjusi"

Nadharia ya tabaka 3 za ubongo, inayodai kuwa chini kabisa tuna tabaka la kale la mijusi, iliyoenezwa na mwanasayansi Paul MacLean katika miaka ya 1960 imekwisha kuachwa na wanaochunguza mabadiliko ya viumbe, na hata MacLean hakuiweka amigdala kwenye tabaka la mijusi. Kwa binadamu amigdala imeunganishwa kwa kina na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huku kila upande ukiufundisha mwingine.

"Amigdala iliniteka, sikuwa mimi"

Usemi wa amigdala kumteka mtu ulienezwa na mwandishi Daniel Goleman mwaka 1995, na umekuwa kinga ya watu wasiostahili kinga. Ni kweli kwamba hasira kali hupunguza uwezo wa kupima mambo, na ndiyo maana nawashauri wenye hasira za haraka watoke nje ya chumba mapema, wakati taya zinapoanza kukaza na kabla ya neno la kwanza la matusi. Lakini nilimsikiliza mume mmoja aliyempiga mkewe akinieleza kwamba ubongo wake ulitekwa. Nilimwomba asimulie jioni ile hatua kwa hatua. Alisubiri watoto walale. Alifunga madirisha ili majirani wasisikie. Alipiga mahali ambapo nguo hufunika. Huo ni mpango, na mpango hutengenezwa na sehemu zile zile za ubongo anazodai zilizimwa. Sitamwandikia mtu kama huyo cheti cha udhuru.

"Hofu ya ghafla isiyo na sababu ni jini"

Hapa, tofauti na kwa mama wa vitenge, amigdala huweza kweli kuwa na tatizo, na kwa masikitiko ndipo watu wanapochelewa zaidi kuja. Kifafa kinachoanzia nyuma ya panja kinaweza kumpa mtu hofu kuu inayopanda kutoka tumboni hadi kooni, pengine na harufu ambayo wengine hawaisikii. Kisha hukodoa macho, hutafuna bila chakula au kuchezea vifungo vya shati, hajibu akiitwa, na baada ya dakika moja au mbili huzinduka akiwa amechanganyikiwa. Hakuna kuanguka wala povu, kwa hiyo familia haidhani kuwa ni kifafa. Nimempokea kijana aliyezungushwa kwa waganga miaka 6, ambaye baada ya kupimwa umeme wa ubongo na kuanzishiwa kabamazepini, dawa ya kifafa, matukio yake yalipungua kutoka matatu kwa wiki hadi moja kwa miezi kadhaa.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayepatwa na hali ya namna hiyo, mwondolee vitu vinavyoweza kumjeruhi, usimtie kitu mdomoni, na mara tukio linapoanza shika simu urekodi. Picha ionyeshe uso na mikono, na uendelee kurekodi hadi aweze kujibu jina lake. Andika saa lilipoanza na lilipokwisha, kisha njoo na video hiyo kliniki, kwa sababu dakika hizo 2 hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.