Saa ya dhahabu kwenye picha ni ipi, na mbona huku haitimii saa?

Wapiga picha wanaita saa ya dhahabu ule wakati jua liko chini sana angani: punde baada ya kuchomoza, au punde kabla ya kuzama. Wengi huihesabu tangu jua linapobakiza kama nyuzi 6 kuugusa upeo wa macho.

Dhahabu yenyewe ni kazi ya hewa. Jua likiwa chini, mwanga wake hukata hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na njiani buluu hutawanyika. Kinachofika ni manjano na wekundu. Tena mwanga huo hutoka ubavuni. Linganisha na jua la utosi la saa 7 mchana: macho yanazama kivulini, pua inaangusha kivuli mdomoni, na mtu mwenyewe amekunja uso kama anadaiwa.

Sasa, mafunzo mengi ya mtandaoni yametoka Ulaya na Marekani, na hapo ndipo wanaoanza hukwama. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 1 kwa dakika 4 hivi. Nyuzi 6 zinakwisha kwa dakika 24 au zaidi kidogo. London mwezi Juni linashuka kimshazari, na muda huo unakaribia kuwa maradufu. Dar es Salaam mwezi Juni jua huzama kama saa 12 na robo, basi ukitoka nyumbani saa 12 kamili, utapiga picha za taa za barabarani. Uwe umefika saa 11 na nusu, mahali umeshapachagua, anayepigwa ameshajua pa kusimama.

Mahali penyewe pia pana neno. Coco Beach, Dar es Salaam, inatazama mashariki, kwa hiyo dhahabu ya baharini pale ni ya asubuhi, jua likichomoza. Forodhani, Unguja, ni kinyume chake: jua linazama baharini mbele yako.

Ukimweka mtu mbele ya jua hilo, simu itapima mwanga wa anga na kumfanya kivuli cheusi. Gusa uso wake kwenye skrini, simu ipime hapo. Na kama kamera yako ina chaguo la rangi ya mwanga, weka alama ya jua. Ukiiacha ijiamulie, huenda ikaidhania dhahabu yote ile kuwa kosa, ikaifuta.