Video za muziki: ubunifu umepotea, au macho yetu yamezoea kutazama pamoja?

Ukikaa baraza yoyote Unguja, iwe Mji Mkongwe au Ng'ambo, na simu ikalia wimbo mpya, hakosi mtu mzima wa kusema: "Video za siku hizi hazina kitu. Gari, pwani, wasichana wanacheza, kwisha." Vijana nao hujibu kwamba wazee hawaoni zaidi ya kumbukumbu zao. Mimi naona kauli ya wazee ina chembe ya kweli, ila chembe hiyo imefunikwa na dhana nyingi ambazo hazisimami ukizipima moja moja.

"Zamani kila video ilikuwa na kazi ndani yake"

Tunachokikumbuka ni kilichobaki baada ya mchujo wa miaka arobaini. Kituo cha televisheni cha muziki, MTV, kilifunguliwa Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na muongo ule kilirusha video nyingi mno. Leo mtu akitaka kuusifia, hutaja zile zile: "Thriller" ya Michael Jackson ya 1983 aliyoiongoza John Landis, filamu fupi ya karibu dakika 14, "Take On Me" ya bendi ya a-ha ya 1985, ambayo michoro ya penseli inageuka watu, "Sledgehammer" ya Peter Gabriel ya 1986, iliyotengenezwa kwa picha mnato zilizopigwa moja baada ya moja. Zilizobaki nyingi zilikuwa bendi imesimama, moshi unapulizwa, nywele zinapepea. Hata huo wimbo wa "Take On Me" ulikuwa na video kabla ya ile tunayoijua. Bendi inaimba mbele ya ukuta wa buluu, basi. Nani anaitaja?

Na kwetu je? Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa televisheni ya rangi ya mwanzo Afrika kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka miaka ya 1990 kupata televisheni yake. Ni jambo la kujivunia. Lakini tukumbuke nyimbo zilioneshwaje: waimbaji wamekaa safu kwenye viti, nyuma yao fidla, udi na ganuni, kamera imetulia. Kanda za namna hiyo ni hazina, na ningependa kila moja ihifadhiwe vizuri. Hata hivyo hazikukusudiwa kubuni picha. Zilikusudiwa kutuonesha nani anaimba. Ikaja taarabu ya kisasa na kanda za VHS, kisha CD. Mwimbaji yuko kwenye bustani ya hoteli na dira lake zuri, anatembea, anageuka, anashika ua. Ubeti wa pili amebadilisha dira. Tuliziangalia mpaka kanda zikakatika, na sababu ilikuwa mashairi, mafumbo na sauti. Picha ilikuwa inasindikiza tu.

"Hii sanaa ni ya Wazungu, sisi tunaiga"

Zanzibar ilikuwa ikiona nyimbo zilizopigwa picha miaka mingi kabla ya MTV. Watu walipanga foleni sinema ya Majestic pale Vuga kuangalia filamu za Kihindi, na filamu za Misri zenye nyimbo zilipendwa vile vile. Katika filamu ya Kihindi, wimbo una nguo zake na mahali pake: mstari huu wapo mlimani, mstari ufuatao wapo mtoni. Kijana wa leo anayebadilisha mavazi na eneo kila ubeti ana babu zake huko, pengine kuliko Marekani.

"Bila pesa hakuna ubunifu"

Mfano wa kuivunja dhana hii anao mtoto wa Unguja mwenyewe. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946. Mwaka 1975 bendi yake, Queen, ilitengeneza video ya "Bohemian Rhapsody" kwa sababu ya kawaida kabisa: walikuwa wanaingia safarini na wasingeweza kwenda kuimba kwenye kipindi cha televisheni. Ilipigwa kwa muda wa saa nne hivi, kwa gharama isiyofika pauni 5,000. Zile sura zinazojirudia na kufifia zilipatikana kwa kuielekeza kamera kwenye skrini inayoonesha picha ya kamera hiyo hiyo, na sura nyingi kwa pamoja zilitokana na kioo maalumu mbele ya lenzi. Hakuna kompyuta iliyoguswa.

Miaka 20 baadaye, 1995, Michael Jackson na dada yake Janet walitoa "Scream", inayotajwa kuwa miongoni mwa video ghali kuliko zote, dola milioni 7. Ni kazi nzuri. Kisha 2006 bendi ya OK Go ikachukua mashine nane za kukimbilia mazoezini, ikaweka kamera moja isiyosogea, ikacheza wimbo mzima bila mkato. Dunia nzima ikaiangalia. Walichokitumia kwa wingi ni mazoezi.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nawaona vijana wetu wakikopa pesa kukodi gari la kifahari kwa siku moja, kisha hawana hata saa ya kukaa na mwongozaji kujiuliza wimbo unasema nini.

"YouTube na TikTok zimeua video"

YouTube ilianza 2005. Desemba 2012 "Gangnam Style" ya Psy, kwa lugha ambayo watazamaji wake wengi hawakuijua, ikawa video ya kwanza kutazamwa humo mara bilioni moja. Msanii wa Zanzibar naye hahitaji tena kituo cha Dar es Salaam kimkubali ndipo aonekane. Zuchu, aliyezaliwa Zanzibar, binti wa mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa, alitambulishwa 2020, na nyimbo zake zikafika mbali kupitia simu za watu kabla ya kingine chochote.

Kweli iliyomo ni hii: mtazamaji wa simu haraka anapita, kwa hiyo watengenezaji wanaharakisha sekunde za mwanzo na kusahau zilizobaki. Pia tumepoteza kitu ninachokililia, ule usiku wa nyumba nzima, na majirani juu yake, kuangalia video moja na kuijadili kesho yake skuli. Video nzuri ya leo inaweza kukupita usijue ipo. Huo ni upungufu wa namna tunavyoangalia, na sio haki kumtwika mtengenezaji.

Hata skrini ya wima ya simu, ambayo wengi wanailaumu, mimi naiona imekuja kutufaa. Kichochoro cha Mji Mkongwe ni chembamba na kirefu kwenda juu: mlango, baraza, dirisha, roshani, kipande cha mbingu. Kwenye televisheni pana lazima ukate juu. Kwenye simu kinaingia chote.

"Zanzibar ni nzuri, elekeza kamera tu"

Hapa ndipo wenye kulalamika wana haki, na ndipo pananiuma. Uzuri wa visiwa umetufanya wavivu. Ngalawa na jua linazama Kendwa. Mlango wa kuchonga. Vijana wanapiga makachu, kujirusha baharini kwa mikogo, Forodhani. Mkahawa wa kwenye mwamba kule Michamvi Pingwe. Kisha droni inapanda juu na wimbo unakwisha. Ukiondoa sauti, huwezi kujua wimbo ni wa furaha au wa msiba, na wala hujui kama ni video au tangazo la hoteli.

Yako mengi hayajaguswa. Majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, ni marefu kiasi cha mwongozaji kupiga wimbo mzima akitembea na kamera ubavuni mwake bila mkato. Pwani za Paje na Jambiani maji yakitoka, unaona vigingi na kamba za mwani safu kwa safu, na wanawake wakikimbizana na saa kabla maji hayajajaa. Hiyo peke yake ni hadithi yenye mwanzo na mwisho. Na Pemba! Msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa mpaka kando ya barabara. Msitu wa Ngezi. Mchezo wa ng'ombe. Ngoma za msewe na kibati zenye miondoko isiyofanana na yoyote inayochezwa kwenye simu zetu. Pemba nimeiona kwenye video chache mno kwa kisiwa chenye hayo yote. Najua kuvusha watu na vyombo ni gharama. Lakini pesa ya kukodi lile gari la siku moja ingewafikisha bandari ya Mkoani na kuwalaza Wete.

"Maadili na vibali vinatubana"

Vibali vipo, na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni lina kazi yake ya kukagua. Usumbufu upo pia. Ila taarabu ilikua ndani ya mipaka hiyo hiyo ya adabu, tena mipaka ndiyo iliyoinoa. Mshairi asiyeweza kumtaja mbaya wake aliimba tunda, ndege, paka, na ukumbi mzima ukajua nani kasemwa. Waongozaji wetu hawajalijaribu fumbo la picha vya kutosha. Hebu fikiria video ambayo mwimbaji hamjibu mpinzani wake kwa mdomo: kila akipita amejifunga kanga nyingine, na maneno ya kanga ndiyo yanayojibu ubeti uliotangulia. Jioni kamba ya kuanikia imejaa majibu. Haigharimu zaidi ya doti chache, na mtazamaji wa kwetu ataisoma mpaka mwisho.

"Video ni ya msanii"

Waliokuwa wakiangalia MTV walikuwa wakisoma jina la msanii na la wimbo. Mwaka 1992 kituo kikaanza kuandika na jina la mwongozaji. Watu wakaanza kuwafuatilia waongozaji, kulinganisha kazi zao, kusubiri ijayo. Sisi tunabishana kuhusu ubunifu wa video huku hatujui nani alizibuni. Kijana wa Mwanakwerekwe aliyeshika kamera, akahariri usiku kucha umeme ukikatika, jina lake liko chini kabisa ya maelezo, kama lipo. Vituo vyetu viandike majina hayo kwenye skrini, na sisi tunaobishana barazani tuanze kuyataja.