Usiipige Nyumba ya Shamba Lipu ya Saruji Kabla ya Kuiuza

Kwa mara ya tatu msimu huu, mrithi wa shamba la minazi nje ya Pangani amenipokea barazani kwa babu yake na kunionyesha kwa fahari kuta zilizopigwa lipu mpya ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta. Aliuza ng'ombe wawili ili amlipe fundi, kwa kuwa kila aliyemwuliza alimwambia kwamba mnunuzi hatazami mara mbili nyumba iliyobambuka. Mimi ni mthamini. Nilikwenda kukadiria thamani ya shamba na majengo yake, na ikanibidi nimweleze kwamba kazi ile imeishusha bei badala ya kuipandisha.

Hakuna dhana inayonichosha kuliko hii ya kwamba saruji huiimarisha nyumba kongwe. Nyumba nyingi za mashamba ya mwambao wa Tanga zilizojengwa karne ya 19 zina kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, wala chini yake hakuna tabaka la kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, na wakati wa masika huingia pia kutoka juu. Lipu ya chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo maji hayo hutoka taratibu, ukuta ukakauka kiangazi. Ukiifunika kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu kwa urahisi, maji hubaki ndani. Matumbawe yana chumvi tangu baharini. Chumvi hiyo huganda nyuma ya lipu, huisukuma, na lipu inapodondoka huondoka na uso wa jiwe. Baada ya masika mawili au matatu, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole na utasikia unavyolia utupu.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho. Sakafu ya ghorofa na paa bapa hubebwa na boriti za mikandaa, yaani miti ya mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Ncha za boriti zimezama ukutani. Ukuta ukibaki na unyevu mwaka mzima, ncha huoza na mchwa huzifuata, huku nje nyumba inang'aa kama mpya. Mnunuzi makini huja na fundi wake, na fundi huyo huchokonoa ncha za boriti kwa bisibisi kabla hajasema neno. Kisha gharama ya kubadilisha boriti, pamoja na ile ya kubandua saruji bila kuvunja mawe, hukatwa kwenye bei.

Ushauri wangu ni uleule ninaourudia kila ninapokwenda: kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji, panda juu ya paa. Ziba panapovuja, tengeneza mifereji, chimba mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi, ng'oa mtini ulioota ukutani ungali mchanga. Kisha acha kuta zikauke msimu mzima wa kiangazi. Palipobambuka, piga lipu ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa kwa majuma mengi, na upake chokaa juu yake kila mwaka. Kama huna fedha za hayo, uza nyumba ikiwa na nyufa zake; ufa unaoonekana humtisha mnunuzi kidogo kuliko ukuta uliofichwa.

Dhana nyingine ni kwamba kila nyumba kongwe ilijengwa na Mjerumani. Kabla ya Wajerumani kufika, kandokando ya Mto Pangani kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa; Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi yao mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, mwenyewe alikuwa mwenye shamba la miwa. Mkonge ulikuja baadaye, mwaka 1893, kwa miche ya Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, na iliyonusurika 62 ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo nyumba iliyo katikati ya mkonge inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko zao lenyewe. Usiandike "nyumba ya Mjerumani" kwenye tangazo kabla ya kutazama kama sakafu imebebwa na chuma au na mikandaa.

Kutokana na dhana hiyo huzaliwa ile ya dhahabu iliyozikwa na Wajerumani chini ya nyumba, na hapa subira hunishinda, kwa sababu nimeona misingi iliyochimbuliwa usiku hadi ukuta ukainama. Sarafu za dhahabu za rupia 15 za Wajerumani zilipigwa Tabora, mbali bara, mwaka 1916, mwaka uleule Waingereza walipoiteka Tanga, kwa hiyo ni vigumu ziwe zilifika kuzikwa huku. Anayechimba chini ya nyumba ya Pangani anajiharibia mali yake mwenyewe.

Wapo wanaodhani mlango wa nakshi ni samani, hivyo unaweza kung'olewa na kuuzwa peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaihesabu milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Uache mahali pake na uwaulize wahusika wa mambo ya kale.

Mwisho ni wale wanaoamini kwamba wanauza ardhi yenyewe. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachohamisha ni haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa kwenye hati, usiozidi miaka 99, pamoja na masharti ya uendelezaji na kodi ya ardhi ambayo huenda haijalipwa tangu marehemu alipofariki. Mnunuzi asiye raia hawezi kupewa haki hiyo ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Ndiyo sababu, kabla hata ya kuitazama nyumba, mimi huomba barua ya usimamizi wa mirathi, hati na risiti za kodi, kisha huzunguka shamba zima kwa miguu nikitafuta bikoni za mipaka moja baada ya nyingine.