Junior Grand Prix ya kuteleza kwenye barafu ni nini?

Mtu akikuambia kwamba binti fulani wa Japani ameshinda Junior Grand Prix, muulize kwanza: ameshinda duru au fainali? Junior Grand Prix si shindano moja. Ni mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya vijana katika mchezo wa kuteleza kwa sanaa kwenye barafu, ule wa muziki, miruko na kuzunguka pale pale kwa mguu mmoja. Mwenye mfululizo huu ni shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, na ulianza msimu wa 1997–98.

Kwa kawaida kuna duru saba, takriban moja kila wiki, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, na kila duru ina nchi mwenyeji wake. Msimu wa 2024–25 zilifanyika Riga, Ostrava, Bangkok, Ankara, Gdańsk, Ljubljana na Wuxi, kisha fainali ikafanyika Grenoble, Ufaransa, mwezi Desemba. Tangu 2008 fainali ya vijana huandaliwa pamoja na ile ya wakubwa, katika uwanja mmoja na siku zilezile. Fani ni nne: wanaume, wanawake, jozi, na dansi ya barafuni. Jozi hazimo katika kila duru, kwa kuwa vijana wanaocheza fani hiyo ni wachache.

Neno "junior" hapa ni suala la umri tu, halina uhusiano na kiwango cha mchezaji. Umri wenyewe hauhesabiwi siku ya shindano bali kabla ya tarehe 1 Julai, msimu unapoanza. Lazima mchezaji awe ametimiza miaka 13, na kwa anayecheza peke yake awe hajafika 19. Katika jozi na dansi umri wa juu umesogezwa mbele kidogo. Upande wa pili wa mpaka ndio uliobadilika zaidi: mwaka 2022 ISU iliamua kupandisha umri wa chini wa kuingia kwa wakubwa kutoka 15, ukawa 16 msimu wa 2023–24 na 17 kuanzia 2024–25. Matokeo yake, vijana wenye uwezo wa kuwapiga wakubwa wanabaki huku chini muda mrefu zaidi. Mfano wazi ni Mao Shimada wa Japani, aliyezaliwa Oktoba 2008. Alitwaa fainali ya vijana mwaka 2022, 2023 na 2024, lakini 1 Julai 2025 ilimkuta bado ana miaka 16, kwa hiyo Olimpiki ya Milano Cortina ya 2026 haikuwa yake hata angeruka vipi.

Sasa, nani anaingia? Hapa ndipo wengi huchanganya na Grand Prix ya wakubwa. Kule mchezaji mwenyewe hupangiwa duru kwa jina lake, kutokana na matokeo na viwango vyake. Kwa vijana, nafasi ni mali ya nchi. ISU huangalia wachezaji wa kila nchi walishika nafasi zipi katika Mashindano ya Dunia ya Vijana ya msimu uliopita, kisha huligawia kila shirikisho la taifa idadi ya nafasi kwa kila fani. Nchi kubwa huweza kupeleka wachezaji wawili kila duru. Nchi ndogo hupata mmoja, tena katika baadhi tu ya duru. Mwenyeji ana haki ya kuongeza, hadi watatu. Ni shirikisho la taifa linaloamua nani apande ndege. Ndiyo maana kijana wa kumi nchini Japani, ambaye angekuwa bingwa wa taifa kwingine, anaweza kumaliza msimu mzima bila kuonekana hata duru moja.

Mchezaji haruhusiwi kucheza duru zaidi ya mbili. Mshindi wa duru hupata pointi 15, wa pili 13, wa tatu 11, kisha 9, 7, 5, 4, 3, 2, na wa kumi 1. Pointi za duru mbili hujumlishwa, na sita wa juu katika kila fani ndio wanaokwenda fainali. Watatu wanaofuata huwekwa akiba, iwapo mtu ataumia. Kwa hesabu hiyo, aliyepelekwa duru moja tu hawezi kuvuka 15 hata akishinda kwa kishindo, na ni nadra sana pointi 15 kutosha. Mwenye 28 au 30 halali macho. Mwenye 22 huanza kupiga hesabu za wenzake wiki baada ya wiki.

Pointi zikilingana, kinachotazamwa kwanza ni nafasi bora zaidi. Aliyeshika ya kwanza na ya tatu ana 26, sawa na aliyeshika ya pili mara mbili, lakini wa kwanza ndiye anayetangulia. Wakilingana hata hapo, jumla ya alama walizopewa na majaji katika duru zote mbili ndiyo inayoamua. Maoni yetu ni kwamba mfumo huu una bahati nasibu ndani yake: duru moja inaweza kuwa na vigogo watatu na nyingine isiwe na hata mmoja, na pointi 15 ni zilezile.

Katika kila duru mchezaji hutumbuiza mara mbili. Programu fupi ni dakika 2 na sekunde 40, programu huru ni dakika 3 na nusu, na zote zinaruhusu sekunde 10 pungufu au zaidi. (Dansi ina mpangilio wake, wa dansi ya mdundo na dansi huru.) Kabla ya hapo kundi la hadi wachezaji sita hupewa dakika sita za kupasha misuli barafuni. Jina likiitwa, mchezaji ana sekunde 30 kusimama mahali pake pa kuanzia; akichelewa anakatwa alama 1, na sekunde 60 zikipita anahesabiwa amejitoa.

Programu fupi ndiyo inayoumiza, kwa sababu kila kipengele ni cha lazima. Kijana anatakiwa kuonyesha mruko wa aina ya Axel (ule unaorukwa mchezaji akitazama mbele), kombinesheni ya miruko miwili, na mruko mmoja wa peke yake ambao ISU huutaja mapema: msimu mmoja flipu, mwingine lupu, mwingine Lutz, zote zikiwa aina za miruko. Mchezaji akilegea hewani na Axel yake ikawa ya mzunguko mmoja na nusu tu badala ya miwili na nusu, sharti halijatimizwa na kipengele kizima ni sifuri. Hakuna nafasi ya kufidia. Vilevile, kwa kanuni za msimu wa 2024–25, miruko ya mizunguko minne ilikuwa marufuku kwa vijana katika programu fupi na ilisubiri programu huru. Katika programu huru kwenye duru ya Armenia mwaka 2018, Alexandra Trusova wa Urusi alikuwa mwanamke wa kwanza kutua Lutz ya mizunguko minne katika shindano la kimataifa.

Lutz inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo inayofichua ufundi wa kweli. Kwa anayezunguka kuelekea kushoto, kama walio wengi, huingia kinyumenyume akiwa ameegemea ukingo wa nje wa kisu cha kiatu cha kushoto, kisha huchoma barafu kwa meno ya kisu cha kulia. Ugumu ni kwamba tao analochora kwenye barafu linakwenda upande mmoja, na mwili unatakiwa kuzunguka upande wa pili. Wengi, sekunde ya mwisho, huangukia ukingo wa ndani, na hapo mruko umegeuka flipu. Jopo la ufundi, yaani waamuzi wanaotambua miruko, likiona hivyo huweka herufi "e" kwenye karatasi ya matokeo. Lutz ya mizunguko mitatu ina thamani ya alama 5.90, yenye "e" hushuka hadi asilimia 80, yaani 4.72. Flipu safi ya mizunguko mitatu ni 5.30. Kwa hiyo Lutz mbovu ina thamani ndogo kuliko flipu nzuri, na kocha mwenye akili hupanga programu kwa kulijua hilo.

Karatasi ya matokeo ina ishara nyingine za kuzisoma. "q" ni mruko uliopungua robo ya mzunguko kamili, nao hauondoi thamani ya msingi bali hushusha tathmini ya majaji. "<" ni uliopungua zaidi ya robo, thamani yake asilimia 80. "<<" ni uliopungua nusu mzunguko au zaidi, na huhesabiwa kama mruko wenye mzunguko mmoja pungufu: Lutz ile ya 5.90 inabaki 2.10. Majaji nao hutoa kutoka −5 hadi +5 kwa ubora, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zikiondolewa kabla ya kupata wastani. Ukiona "x" pembeni ya thamani, ni nyongeza ya asilimia 10 kwa mruko uliowekwa mwishoni, miguu ikiwa imechoka: wa mwisho katika programu fupi, na mitatu ya mwisho katika programu huru. "+REP" ina maana mruko uleule umerudiwa bila kuunganishwa na mwingine, na umebaki na asilimia 70.

Duru hurushwa moja kwa moja bila malipo kwenye YouTube, na karatasi hizo huwekwa mtandaoni baada ya kila programu.