Taji la metali la kurekebishika: ni nini, na linashikaje kichwani?

Taji la kurekebishika ni taji la metali linaloweza kuvaliwa na watu wenye vichwa vya ukubwa tofauti bila fundi kulikata wala kulilehemu upya kila mara. Hutafutwa zaidi pale ambapo mvaaji hajulikani mapema au hubadilika: taji la kuazimisha maharusi, la mashindano ya urembo, au la mfalme wa jukwaani anayeigizwa na mtu mwingine kila msimu.

Kinyume chake ni taji la saizi moja, kama yalivyo mengi ya kifalme. Taji la Mtakatifu Edward la Uingereza, lililotengenezwa mwaka 1661 na lenye uzito wa zaidi ya kilo 2, lilitolewa kwenye Mnara wa London Desemba 2022 likarekebishwe ndipo Charles III avishwe Mei 2023. Anayeuza au kukodisha mataji hana nafasi ya kufanya hivyo kwa kila mteja.

Vichwa vya watu wazima, vikipimwa juu kidogo ya nyusi na kuzunguka kisogoni, vingi vina mzingo wa kati ya sm 53 na 62. Lakini hata namba hiyo haitoshi. Watu wawili wanaweza kuwa na sm 57 sawasawa, mmoja ana kichwa kirefu kutoka paji la uso hadi kisogo, mwingine ana kichwa kipana. Taji lililokunjwa kwa duara kamili litambana wa kwanza mbele na nyuma huku likiacha uwazi juu ya masikio. Ndiyo maana fundi mzoefu hulitengeneza taji kwa umbo la yai tangu mwanzo. Tena kichwa huzidi kuwa chembamba kadiri unavyoelekea utosini, kwa hiyo ukanda mpana uliokatwa kutoka kwenye bati kwa mstari ulionyooka huegemea ukingo mmoja tu, na mara nyingi huo ndio unaoacha alama kwenye paji. Ukikatwa kwa kupinda kidogo, kama upinde, hulala vizuri.

Namna iliyo rahisi kuliko zote ni kuliacha taji wazi nyuma. Mbele panabaki pagumu, maana ndipo penye mapambo na vito, na vito havipendi metali inayopindapinda chini yake. Pande mbili za nyuma ndizo zinazoachwa zifunguke na kurudi. Hapa ndipo kazi ilipo. Metali iliyopashwa moto hadi ikalainika hukunjika kirahisi lakini hairudi: ukiipanua inabaki imepanuka. Ikifuliwa kwa nyundo au kukunjwa mara kadhaa hukazana, nayo huanza kurudi yenyewe kama springi. Sasa fikiria fundi aliyefua ukanda wake vizuri, kisha mwishoni akalehemu ua la fedha upande wa nyuma. Moto ule ule unaoyeyusha risasi ngumu ya fedha, yaani metali ya kuungia vipande, hulainisha na ukanda, na taji linarudi kuwa legelege. Heri kulehemu kwanza, kufua baadaye, na mapambo yanayobaki kuyafunga kwa ribiti au waya.

Uchaguzi wa metali unafuata hapo hapo. Shaba nyekundu ni tamu kufanyia kazi ila hulegea mapema, na jasho huifanya iache rangi ya kijani kwenye ngozi. Shaba ya manjano hurudi vizuri zaidi. Alumini ni nyepesi, jambo ambalo shingo ya mvaaji italishukuru baada ya saa moja. Nikeli iepukwe mahali inapogusa ngozi, kwani huwasha watu wengi.

Wapo wanaopendelea kuweka vipete vidogo kwenye ncha mbili za nyuma na kupitisha utepe, au mkufu mfupi wenye kulabu inayoingia tundu lolote. Binafsi naona utepe unavishinda vyote kwa taji la kukodisha: haukwami kwenye nywele kama mkufu, unafungwa kwa kipimo chochote, na ukichakaa unabadilishwa bila kugusa metali. Bawaba ni nzuri kwa taji pana la vipande, lakini hudai kazi safi, la sivyo zitavuta nywele.

Kwa taji lililofungwa pande zote, linalobaki ni bitana ya ndani. Hesabu yake huwashangaza wengi: sponji ya mm 3 ikizungushwa ndani nzima hupunguza mzingo kwa karibu sm 2. Hivyo taji la sm 61 lenye bitana ya kubandua linaweza kuvaliwa na mtu wa sm 59 pia. Bitana hiyo hiyo huzuia metali kuteleza, na hiyo ni faida kubwa kuliko kubana, kwa sababu taji linaloshika kwa kubana tu huumiza kichwa kabla sherehe haijaanza.

Ncha za nyuma zipigwe tupa hadi ziwe mviringo, zimaliziwe kwa msasa, na zikunjwe kidogo nje zisichome nyuma ya masikio. Kisha mvaaji ainame, ageuke haraka, acheke. Likisogea mbele, ongeza bitana kisogoni kabla ya kufikiria kulikaza.