Kabla hujasaini kuhamisha sanduku la barua

Ikitokea posta ya Marekani, USPS, imekuletea fomu ya kuhamisha sanduku lako la barua kutoka mlangoni hadi ukingoni mwa barabara, jua kwanza kwamba fomu hiyo ni ombi. Majirani hubishana wiki nzima kama vile kura ya wengi ndiyo itakayoamua. Sivyo. Kwa nyumba za familia moja, mwongozo wa posta unataka kila mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na asiyekubali aendelee kuletewa barua pale pale zinapofika sasa. Pale tu penye chama cha wamiliki kinachowawakilisha wakazi, ndipo chama hicho kinaweza kuwaamulia wote.

Posta inaitaka saini yako kwa sababu ya hesabu. Mwaka 2011 mkaguzi wa ndani wa USPS alikadiria kwamba anwani moja ya mlangoni hugharimu kama dola 353 kwa mwaka, ya ukingoni dola 224, na ya kabati la pamoja la masanduku dola 160. Tofauti inatoka miguuni: tarishi wa posta anayepeleka barua mlangoni huegesha gari, hubeba mkoba na kuzunguka mtaa; wa ukingoni hukaa kwenye gari lenye usukani upande wa kulia na kunyoosha mkono dirishani. Ila mkisaini wanane kati ya kumi, tarishi bado atashuka kwa ajili ya wale wawili, na sehemu kubwa ya akiba inayeyuka. Ndiyo maana wanaokataa husukumwa sana, mara nyingi na majirani kuliko posta yenyewe.

Aliyezoea S.L.P., ambako barua hulala posta mpaka mwenyewe aifuate, anaweza kucheka watu wakigombania hatua ishirini. Hatua ishirini juu ya barafu ya Januari ni habari nyingine.

Ukikubali, kazi ya kusimamisha sanduku ni yako, na hapa ndipo watu huharibu. Kimo ni inchi 41 hadi 45 (sentimita 104 hadi 114), kutoka uso wa barabara hadi chini ya sanduku. Uso wa barabara, si nyasi. Anayepima inchi 42 kutoka kwenye nyasi, na ukingo una inchi 6, amepata 48, na tarishi hafiki vizuri. Lenga 43: barabara ikimwagwa lami mpya hupanda, na sanduku lililosimama kwenye 41 kamili litakuwa chini mno bila wewe kuligusa. Mlango wa sanduku uwe inchi 6 hadi 8 nyuma ya ukingo. Kosa la kawaida ni kupima hadi kwenye nguzo. Sanduku hutokeza mbele ya nguzo, kwa hiyo shimo linachimbwa nyuma zaidi. Kama barabara haina ukingo ulioinuka, muulize mkuu wa posta ya eneo kabla ya kuchimba.

Nguzo ya mbao isizidi inchi 4 kwa 4, au bomba la chuma la kipenyo cha inchi 2, na isizikwe zaidi ya inchi 24. Watu huona nguzo ya matofali au bomba lililojazwa zege ni imara zaidi. Ni imara kweli, na hilo ndilo tatizo: gari likiacha njia, nguzo inatakiwa ikubali kuanguka. Piga 811 siku chache kabla ya kuchimba ili mabomba ya gesi na nyaya viwekewe alama. Huduma hiyo ni bure. Bendera ndogo ya sanduku, ile inayoinuliwa kumwonyesha tarishi kwamba kuna barua ya kuchukua, ikae kulia kwa anayelitazama sanduku kwa mbele, na namba ya nyumba iwe na urefu wa inchi 1 au zaidi.

Kuna badiliko moja ambalo halimo kwenye mjadala wowote. Tundu la barua lililokatwa kwenye mlango halihesabiwi kisheria kuwa sanduku la barua. Sanduku la ukingoni linahesabiwa. Tangazo la kanisa au kadi ya mchango wa harusi uliyokuwa ukipenyeza mlangoni kwa jirani, ukiitia sandukuni mwake bila stempu unavunja sheria ya nchi.

Mgonjwa au mzee asiyeweza kufika ukingoni anaweza kuomba abakiziwe huduma ya mlangoni kwa barua ya daktari. Ombi linapelekwa kwa mkuu wa posta ya eneo. Kumwambia tarishi kwa mdomo hakutoshi.

Kanada walijaribu njia ya amri. Desemba 2013 posta yao ilitangaza kuondoa huduma ya mlangoni kwa anwani kama milioni 5. Agosti 2015 meya wa Montreal, Denis Coderre, alishika mashine ya kuvunjia zege mbele ya kamera akabomoa msingi wa masanduku ya pamoja, na miezi miwili baadaye mpango ukasimamishwa. Mwaka 2025 serikali ikaufungua tena.

Kwangu mimi swali zito kuliko gharama ni magari. Tarishi asipolifikia sanduku kwa gari, barua zinaweza kurudi naye, iwe kilichoziba ni rundo la theluji la mashine ya kusafisha barabara au gari la mgeni wa jirani. Kwa hiyo toka nje saa ile tarishi anayopita, tuseme saa saba mchana, siku tatu tofauti, uhesabu magari yaliyoegeshwa mbele ya nyumba yako. Mtaa usio na maegesho ndani ya viwanja vya nyumba, usisaini.